Kabla ya Kuwekewa Mikono

Tangu nilipoanza kazi ya ukarani katika ofisi ya parokia yetu hapa Laikipia, vijana wengi wamenijia na swali moja: mtu akitaka kuwa mchungaji katika Kanisa la Presbyterian, aanzie wapi? Wengine hudhani ni kuandika barua tu, kama mtu aombavyo kazi kiwandani. Wengine hudhani ni kuota ndoto usiku na kuisimulia kanisani asubuhi. Huwajibu kwa ufupi, maana mlangoni huwa kuna watu wanaongoja vyeti vya ubatizo. Leo nataka kueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nimo katika njia hiyo, na nimejikwaa ndani yake.

Kwetu mtu hajiweki mwenyewe. Akisikia wito humwambia mchungaji wake, na mchungaji hulileta neno hilo mbele ya baraza la wazee wa kanisa, ambalo Waskoti walituachia jina lake, Kirk Session. Wazee wakiridhika, jina hupelekwa kwa Presibiteri, yaani baraza la parokia kadhaa pamoja. Huko mtu huulizwa maswali kwa mdomo na kwa kalamu. Akipita, jina huenda mbele zaidi, naye hupelekwa chuoni. Baada ya chuo bado kuna kupimwa na kungoja, na mwisho kabisa ndipo mikono ya wachungaji huwekwa juu ya kichwa chake.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1560, kule Scotland, John Knox na wenzake watano waliandika kitabu cha kuliongoza kanisa lao jipya. Humo walisema ya kuwa mtu huingia katika uchungaji kwa mambo matatu: kuchaguliwa, kupimwa, na kupokelewa mbele ya watu. Tena wote sita waliitwa John. Mtu akiliita jina hilo mkutanoni, bila shaka vichwa sita viligeuka. Kuwekewa mikono wao hawakukuona kuwa ni lazima. Jambo hilo lilirudi katika kitabu cha pili, mwaka 1578. Basi msomaji aone ya kuwa kupimwa kulitangulia, mikono ikafuata.

Mwaka 1645 Kanisa la Scotland lilikubali kanuni zilizotungwa na mkutano wa Westminster, London, na hizo zilikuwa kali kweli kweli. Mtu asiwekewe mikono kabla ya kutimiza miaka 24. Asome Agano la Kale kwa Kiebrania na Agano Jipya kwa Kigiriki, na sehemu yake aigeuze kwa Kilatini mbele ya wachungaji. Aulizwe ni vitabu gani vya elimu ya Mungu amesoma. Atoe hotuba kwa Kilatini juu ya jambo linalobishaniwa katika imani. Kisha apelekwe kwa watu atakaowachunga, ahubiri kwao siku tatu na kuzungumza nao, wapate kumwona. Hata baada ya hayo yote, barua isomwe mbele ya watu na kubandikwa kwenye mlango wa kanisa, ili kila mwenye neno juu ya mtu huyo alilete.

Niliposoma habari ya karatasi hiyo ya mlangoni nilicheka peke yangu ofisini, maana kazi ya kubandika karatasi mlangoni ni yangu. Kwenye mlango wa kanisa letu nimebandika matangazo ya ndoa, ya harambee, ya chanjo ya ng'ombe, hata la mbuzi aliyepotea.

Katika nchi yetu Waskoti walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Thogoto katika nchi ya Kikuyu mwaka 1898. Lakini Waafrika wa kwanza wa kanisa letu, Musa Gitau na wenzake wawili, hawakuwekewa mikono mpaka mwaka 1926. Hesabu mwenyewe: ni miaka 28 tangu Thogoto. Wanawake walingoja zaidi. Wa kwanza wao, Nyambura Njoroge, aliwekewa mikono mwaka 1982. Mimi sisemi ya kuwa kungoja huko kote kulikuwa kwa haki. Mara nyingine mtihani ni kizuizi tu kilichopewa jina zuri. Hata hivyo walio wengi katika wachungaji tunaowajua walipitia Limuru, katika chuo cha St. Paul's, kilichotoka Frere Town karibu na Mombasa kikahamia huko mwaka 1930, na tangu mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbyterian na Wamethodisti wakafundishwa humo pamoja. Mwaka 2007 kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu. Nami natamani kufika huko.

Mimi ni mtu wa miaka 36. Nilisomea ualimu miaka miwili, nikapata cheti cha P1, nikafundisha shule ya msingi kwa mshahara mdogo uliochangwa na wazazi, kwa kuwa serikali ilikuwa haijaniajiri. Baada ya miaka mitano ya kungoja nikaacha chaki, nikaja ofisini. Kazi yangu ni vyeti, risiti za sadaka, barua, na kupiga chapa kumbukumbu za baraza la wazee na kuzitunza.

Wito wangu haukuja kwa ndoto. Parokia yetu ina makanisa saba na mchungaji mmoja. Siku moja watu walikuja kumzika mtoto wao, na mchungaji alikuwa mbali, pikipiki yake imekwama kwenye matope. Wakanitazama mimi. Nikashika Biblia nikaenda nao kaburini. Jioni nilipokuwa nikirudi nilijua ya kuwa sitakaa katika ofisi ile maisha yangu yote. Hilo tu.

Basi nikaanza kujiandaa kwa mtihani wa Presibiteri. Nilinunua daftari nne. Moja ya Biblia, ya pili ya Ungamo la Westminster, ambalo lina sura 33, ya tatu ya kanuni na taratibu za kanisa, ya nne ya historia. Ile Katekisimo Fupi yenye maswali 107 nilijifunza nikiwa kijana, kwa hiyo nilidhani naijua. Nilipojaribu kuisema yote bila kutazama nilikwama kwenye swali la 20.

Nasoma kwamba ndugu zetu wa Kanisa la Presbyterian la Marekani wana mitihani ya namna hiyo hiyo: kuijua Biblia, kufafanua kifungu cha Maandiko, elimu ya Mungu, ibada na sakramenti, na utawala wa kanisa. Tena anayesahihisha haoni jina la mwenye karatasi, kusudi asimpendelee mtu wala kumwonea. Nilipoyasoma hayo niliwaonea wivu. Nilitamani nami niwe namba tu. Msomaji ataona hapo mbele kwa nini.

Msaidizi wangu mkubwa ni mke wangu. Jioni, watoto wakiisha kulala, yeye huchambua maharagwe kwenye ungo, na daftari langu limefunguliwa magotini pake, naye huniuliza. "Wafalme wa Yuda," husema. Nami huanza: Rehoboamu, Abiya, Asa, Yehoshafati. Ukimhesabu malkia Athalia wako 20. Mwanzoni ni rahisi, lakini mwishoni wanakuja Yehoahazi, Yehoyakimu na Yehoyakini, mmoja baada ya mwingine, na hapo ulimi wangu hufungamana. Tena kuna Yehoramu wa Yuda na Yehoramu wa Israeli, nao walitawala karibu wakati mmoja. Mke wangu husema wazazi wao walikuwa na uvivu wa kutafuta majina.

Ilikuwa usiku mmoja wa Februari 2024. Alikuwa amekwenda kwao kumwuguza mama yake, nami nilikuwa peke yangu na taa. Nilifika kwenye mitume 12. Nilikuwa naijua orodha hiyo tangu utotoni, nami nilikuwa nimeifundisha mara nyingi. Lakini kwa kuwa mtihani hupenda kuuliza tofauti za vitabu vya Injili, nikaandika orodha zote kando kando: Mathayo sura ya 10, Marko sura ya 3, Luka sura ya 6, Matendo sura ya 1. Nikapiga mistari ya kuunganisha jina kwa jina. Katika Mathayo na Marko kulikuwa na Thadayo. Katika Luka na Matendo hakuwapo. Mahali pake palikuwa na mtu mwingine, Yuda wa Yakobo. Yaani katika kitabu cha Luka wako mitume wawili wenye jina la Yuda, huyo na Iskariote. Nikafungua Yohana sura ya 14. Huko nako yumo Yuda asiye Iskariote. Walimu wengi husema huenda Thadayo ndiye huyo huyo kwa jina lingine.

Niliweka penseli chini. Jasho lilinitoka, na usiku wa Laikipia mnaujua baridi yake.

Mwaka 2013, mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nilikuwa katika darasa la sita, somo la dini. Nilikuwa nimewapa watoto majina ya mitume wayakariri. Mvulana mmoja akasimama akaanza vizuri. Alipofika mwisho akasema, "Yuda wa Yakobo, na Yuda Iskariote." Wenzake wakacheka. Nikamwambia, "Yuda ni mmoja. Thadayo yuko wapi?" Akasema tena, bila kupaza sauti, "Yuda wa Yakobo." Nikaona ya kuwa ananidharau mbele ya darasa. Fimbo ilikuwa mezani. Sheria ilikuwa imekataza viboko shuleni tangu mwaka 2001, nami nilijua, maana chuoni tulifundishwa. Lakini karibu kila mwalimu niliyemfahamu alikuwa na fimbo. Nikamwambia aweke mkono juu ya dawati. Kiboko cha kwanza, cha pili. Cha tatu akageuza mkono, na fimbo ikamkuta kidole cha kati cha mkono wa kuume kwenye ukingo wa dawati. Nilisikia mlio wake.

Mama yake alipewa nauli ya zahanati, maneno yakaisha. Kidole kilifungwa kikapona, lakini kilipona kikiwa kimepinda. Mvulana alimaliza muhula ule, kisha hakurudi shuleni. Nilijiambia ya kuwa watoto wengi huacha shule katika sehemu zile, kwa sababu ya mifugo na kwa sababu ya karo. Ni kweli huacha. Kwa miaka 11 niliishi na maneno hayo bila shida kubwa.

Sasa nilikaa mbele ya taa nikitazama Luka. Nilikuwa nimemvunja mtoto kidole kwa sababu alitoa jibu lililo sawa.

Ningependa kuwaambieni ya kuwa nilitoka usiku ule ule kwenda kumtafuta. Sikutoka. Nilifunga daftari. Mke wangu aliporudi aliniuliza wafalme, nikamjibu wafalme, na zamu ya mitume ilipofika nikasema nimechoka.

Machi 2024 baraza la wazee wetu lilikuwa tayari kulipeleka jina langu. Wazee wetu wana desturi yao: kabla ya jina kwenda Presibiteri, tangazo husomwa Jumapili mbili katika makanisa yote saba, kwamba fulani anatajwa kwa uchungaji, na mwenye neno alilete ofisini kwa karani kabla ya siku 14. Tangazo nililipiga chapa mimi. Jina lililokuwa ndani yake lilikuwa langu, na karani wa kupokea maneno alikuwa mimi. Hakuna mtu aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Nikabandika karatasi mlangoni kwa vipini vinne.

Siku ya tisa, Jumatano, mama mmoja alikuja. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa kichwani, kama mtu ajaye kwa jambo rasmi. Nilimtambua kabla hajaketi. Yeye ni wa kanisa la juu, karibu na msitu, nami kwa miaka yote ya ukarani nilikuwa nimemwandikia risiti, na hatukusemezana lolote zaidi ya salamu.

"Mwalimu," akasema. Watu wote huniita Karani. Yeye alisema Mwalimu. "Nimesikia tangazo. Nina neno."

Nikamwambia, "Karibu, mama. Neno huandikwa kwa barua."

"Mimi siandiki vizuri. Karani ni wewe. Andika."

Nikachukua karatasi. Akasema habari yote kwa utaratibu, mwaka, darasa, zahanati, kiasi cha nauli. Hakulia wala hakunitukana. Nikaandika. Alipomaliza akasema, "Nisomee." Nikasoma: "Mwaka 2013 mwanafunzi wa darasa la sita aliumia kidole wakati wa kupewa adhabu."

Akanitazama. "Sivyo nilivyosema. Hakuumia. Alivunjwa. Na aliyemvunja ana jina."

Wasomaji, nimekuwa nikiandika kumbukumbu za watu wengine kwa miaka mingi. Nimepiga chapa habari za wazee waliogombana, za binti aliyepata mimba, za mweka hazina aliyeshindwa kueleza fedha. Katika hao wote sikumbuki kama niliwahi kutafuta neno laini. Nikaikata sentensi ile kwa mstari mmoja, nikaandika upya: karani wa sasa wa parokia, alipokuwa mwalimu, alimpiga mwanangu kwa fimbo akamvunja kidole cha mkono wa kuume. Nikamsomea. Akasema, "Ndiyo." Akashika kalamu, akaandika jina lake pole pole, herufi moja moja. Nikachukua mhuri wa ofisi nikagonga: IMEPOKELEWA, na tarehe.

Akasimama. Mlangoni akageuka akauliza, "Risiti hutoi?" Nikampa nakala.

Baada ya yeye kutoka nilikaa na karatasi ile mpaka saa kumi na moja jioni. Ofisini hapakuwa na mtu mwingine aliyeiona. Droo ya chini ina kufuli. Siwezi kuwaficheni ya kuwa niliifungua droo ile. Nakala aliyokuwa nayo mama ndiyo iliyonizuia kwanza, siyo dhamiri. Usiku nikamweleza mke wangu mambo yote, hata ya Luka na Mathayo. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Wewe utaipeleka kesho, au niipeleke mimi?"

Nikaipeleka. Tena niliongeza ukurasa wa pili kwa mkono wangu, kueleza ya kuwa jibu la mtoto lilikuwa sawa, na ya kuwa nilikuwa nimelijua hilo tangu Februari nikanyamaza. Mama hakulijua jambo hilo. Mtu pekee angeweza kuliandika alikuwa mimi.

Siku ya mkutano niliambiwa nikae nje kwenye benchi. Ni benchi lile lile wanapokaa watu wote wanaongoja kuitwa, na sikuwahi kulikalia. Ubao wake mmoja umelegea. Nilisikia sauti ndani lakini si maneno. Waliponiita nikaona mzee mwingine ameshika kalamu yangu.

Mzee mmoja wa siku nyingi alisema, "Sisi sote tulichapwa, na tu wazima. Mnataka kumwacha kijana huyu kwa ajili ya kidole?" Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nilimpenda kwa maneno hayo, na papo hapo nikaona aibu kwa kumpenda. Mwingine akauliza kama nilikuwa nimewahi kumpiga mtoto mwingine hivyo. Nikasema viboko ndiyo, kuvunja hapana.

Ndipo mama mmoja, mzee wa kanisa, ambaye kwa kawaida husema machache, akauliza: "Siku ile mtoto alisema jambo usilolijua. Ungeweza kufungua Biblia. Ilikuwa wapi?"

Nikasema, "Mezani, mama."

"Karibu na fimbo?"

"Ndiyo."

Akaendelea: "Ukiwa mchungaji, watu watasema mbele yako mambo mengi usiyoyajua. Utafanya nini?"

Nilikuwa na daftari nne zilizojaa. Nilikuwa tayari kusema ni wangapi walioandika Ungamo na kwa nini. Kwa swali hilo sikuwa na jibu hata moja, na nikasema hivyo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mpaka leo sijaiona karatasi hiyo, ingawa mimi ndiye mtunza mafaili.

Wakaamua jina langu lingoje mwaka mmoja. Nikamwone yule kijana, nipeleke mkono wake kwa daktari kama akipenda, nami nirudi kuwaeleza.

Kijana sasa ni mtu wa miaka 23, anaendesha bodaboda kwenye njia panda ya kuelekea Nanyuki. Nilimkuta akiwa katikati ya wenzake. Alinitambua. Nikasema nina maneno naye. Akawasha pikipiki akasema, "Panda, Mwalimu. Tutasema njiani, nikikaa hapa nakosa abiria."

Kwa hiyo yote niliyokuwa nimeyapanga niliyaambia mgongo wake, na upepo ukiyachukua nusu. Nilikuwa nikitazama mkono wake wa kuume kwenye usukani. Vidole vitatu vilishika, cha kati kilisimama kando kama kisicho chake. Nilimwambia nilimkosea. Nilimwambia habari ya daktari. Akasema alikwisha kuuliza zamani, akaambiwa dawa yake ni kukivunja tena, naye hataki. Kisha nikasema, "Tena ulikuwa umejibu sawa. Yuda walikuwa wawili. Imo katika Luka."

Akapunguza mwendo mpaka pikipiki ikasimama kando ya barabara. Hakugeuka.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Nyanya ndiye aliyenisomea Luka, kila jioni. Siku ile nilirudi nyumbani na kidole kimefungwa, nikamwuliza kwa nini alinidanganya. Akaitazama Biblia muda mrefu, akasema labda macho yake yameharibika. Hakunisomea tena."

Nikamwuliza kama nyanya yake yu hai. Akasema alikufa mwaka 2015.

Sikuwa na neno. Nilimwomba msamaha, yeye akasema, "Nimesikia." Akawasha pikipiki tena, akanifikisha mpaka langoni kwa kanisa, akasema nauli ni shilingi mia. Nikalipa.

Nilirudi kwa wazee nikawaeleza kama nilivyowaelezeni ninyi. Mwaka 2025 tangazo lilisomwa tena Jumapili mbili. Safari hii mzee mwingine ndiye aliyelipiga chapa na kupokea maneno, maana wazee waliona si vema mtu awe mlinzi wa mlango wake mwenyewe. Hapakuja neno jipya. Lile la mama halikuondolewa. Sikumwomba aliondoe, wala yeye hakusema ataliondoa. Jina langu limekwenda Presibiteri likiwa na karatasi zake zote mbili nyuma yake, zenye mhuri nilioupiga mwenyewe.

Mama huja ofisini kila mwisho wa mwezi na bahasha yake ya sadaka. Husema, "Mwalimu, risiti." Namwandikia. Mwezi uliopita aliuliza mtihani ni lini. Nikasema Agosti. Akasema mahindi yatakuwa yamekomaa wakati huo, akaenda zake.

Usiku mke wangu bado ananiuliza. Mitume nawasema kwa orodha mbili, ya Mathayo na ya Luka, naye hanipitishi mpaka niwe nimesema zote. Katika wafalme nafika salama mpaka Yosia. Wale watatu wa baada yake bado wananichanganya.